Prefe na Barabara ya Ng'ambo

Sikumwamini, na sitajifanya leo kwamba nilimwamini. Tulikuwa majirani huku Kasha, mtaa wa Bukavu, kwa miaka mingi. Kati ya nyumba yake na yangu kulikuwa na ukuta wa mbao, na waya wa umeme ulikuwa mmoja, unaingia kwake kwanza ndipo unakuja kwangu. Ukiishi na mtu hivyo unakijua kikohozi chake, unajua kwa harufu anachopika, na siku akinunua viatu vipya utasikia hatua zimebadilika. Nilijua hayo yote juu yake, lakini ungeniuliza ni mtu wa namna gani, nisingekuwa na jibu.

Aliwahi kuongoza shule ya sekondari, na kwetu mkuu wa shule ya namna hiyo anaitwa prefe. Kazi iliisha, jina likabaki. Watoto walimwita Prefe, akina maman wauza mboga ya lengalenga walimwita Prefe, na hata Jumapili kanisani nilimsikia padri akimwita hivyo hivyo. Mimi ninafundisha shule ya msingi, kwa hiyo yeye aliniita Madame, kama wanafunzi wangu wanavyoniita. Sikumbuki aliwahi kuniita kwa jina langu.

Kilichofanya watu wamzungumzie ni antena yake. Sisi wengine wenye televisheni tulielekeza masahani yetu kule unakotoka mpira wa Ulaya. Yeye alisimamisha mti mrefu nyuma ya nyumba, akafunga juu yake antena ya fito za alumini, akaielekeza ng'ambo ya mto Ruzizi, kwenye vilima vya nchi jirani. Mtu wa Bukavu hahitaji kuelezwa uzito wa jambo hilo. Ng'ambo ni hapa tu. Tunavuka asubuhi kununua viazi na jioni tumerudi, tuna mashemeji huko, tunaona taa zao kila siku. Na kila vita vikikaribia, macho ya watu yanageukia huko kwanza. Kwa hiyo mtu akielekeza chuma chake huko, watu wanataka kujua anatafuta nini.

Alikuwa anatafuta mbio za baiskeli. Kila mwaka majirani zetu wana mashindano makubwa yanayozunguka nchi yao, mji hadi mji, na televisheni yao inayaonyesha moja kwa moja. Prefe aliyarekodi yote. Alikuwa na dekoda ndogo yenye tundu la kuchomeka fleshi, na chini ya meza alikuwa na betri ya gari, maana umeme wetu unakwenda unapotaka. Waendeshaji wakiondoka tu, anabonyeza. Haachi mpaka apite yule wa mwisho kabisa, yule anayefuatwa na gari la wagonjwa. Hata yale mashindano madogo ya vijana, ambayo wenyewe wa huko nadhani hawakuyaangalia, yeye aliyarekodi.

Siku moja ya mashindano nilikuwa napiga pasi sare za watoto. Betri yake siku hiyo ilikuwa imekufa, mimi sikujua. Pasi yangu ikavuta umeme wote, fyuzi ikakatika. Sijakaa vizuri nikasikia mbao zinagongwa.

"Madame! Umenikatia kilima."

"Kilima gani, Prefe?"

"Bale ba baiskeli balikuwa banapanda. Sasa bamepanda bila miye."

"Pole, Prefe. Ni pasi tu."

"Pasi utapiga kesho. Ile ya live hairudi. Nimesema."

Hilo "nimesema" lilikuwa neno lake. Akishalitamka, mazungumzo yamefungwa, na hata ukiendelea kuongea unaongea na ukuta. Neno lake lingine lilikuwa la darasani. Ukimuuliza jambo asilotaka kujibu, alikuwa anakuangalia juu ya miwani na kusema, "Hilo swali halina pointi." Nilimuuliza siku hiyo hiyo kwa nini haangalii tu kama watu wengine, kwa nini lazima arekodi. Swali halikuwa na pointi.

Sitaki mtu afikiri alikuwa mbaya moja kwa moja. Mvua kubwa zilipokata ngazi za udongo tunazoshukia bombani, hakungoja mtu. Alichukua jembe, akazichonga upya, akaweka mawe, na mchana kutwa hakuomba hata maji. Bombani aliwapa wazee wa kike zamu yake. Lakini mtu huyo huyo alikataa kuniazima nyundo, akaniambia nyundo haivuki ukuta. Alichukia umbea, akisema ni kazi ya watu wasio na kazi, na wakati huo huo hakuna aliyehamia Kasha bila yeye kujua ametoka wapi na kwa nini. Alikuwa anafagia uwanja wake mwenyewe, jambo ambalo wanaume wengi wa rika lake hawalifanyi, na alifagia kwa hasira.

Hakupiga mtu. Hilo nalisema kwa sababu baadaye watu walisema mengi. Ukuta wa mbao haufichi kofi, na mimi sikuwahi kulisikia. Alichokuwa nacho ni kunyamaza. Mwenzangu mmoja kazini alisoma kwake, akanieleza kwamba Prefe aliwahi kukosana na mwalimu wa hesabu, na tangu siku hiyo akawa anapita mbele yake kama anayepita mbele ya kiti. Muhula ukaisha, mwalimu akaomba kuhamishwa. "Tulikuwa tunamuogopa kuliko fimbo," alisema.

Kwa mkewe alifanya vile vile. Maman Prefe alikuwa anaoka mikate midogo ya maziwa na kuiuza, mwanamke wa kucheka, wa kuimba anapokanda unga. Sijui walikosana kwa nini. Ninajua tu kwamba wimbo uliisha, na kwamba kwa muda mrefu nilisikia sauti moja tu ng'ambo ya ukuta. "Nikuwekee maji?" Kimya. "Chakula iko tayari." Kimya, halafu kijiko. "Prefe, hata kama nilikosa, semesha mutu." Sikuwahi kusikia jibu.

Asubuhi moja nilikutana na mama huyo kwenye zile ngazi. Alikuwa na mfuko mkubwa wa mistari, ule wa safari.

"Maman Prefe, unaenda wapi na muzigo yote hiyo?"

"Kununua unga," alisema.

Unga unauzwa hapo juu, kwa depo, duka la jumla la unga na vinywaji, na hakuna anayeufuata na mfuko uliojaa tayari. Tuliangaliana. Nilimwambia aende vizuri, akaenda, na sikumwambia mtu.

Hapo ndipo shaka yangu ilipoota mizizi, kwa sababu Prefe hakuuliza. Mwanaume mkewe akipotea, anagonga milango, anapiga simu, anakwenda parokiani. Yeye alifagia uwanja. Wiki hiyo hiyo akachimba shimo refu nyuma ya nyumba, anasema ni choo kipya, na kweli baadaye likawa choo. Lakini mtaa mzima ulikwisha kulitazama shimo lile na kutazamana. Mimi niliyeona ule mfuko wa mistari nilijua mama yule yuko hai mahali fulani. Na bado, nikipita karibu na lile shimo, mguu wangu ulikuwa unaongeza mwendo wenyewe.

Wazo la kurekodi lilimjia baada ya hapo. Zamani aliangalia mbio kama mtu yeyote, amekaa, chai mkononi. Kisha siku moja ya mashindano nikasikia kiti kinaanguka kwake. Kesho yake akashuka mjini, akarudi na ile dekoda.

Nilichogundua mimi ni sauti. Alizima sauti. Mashindano yanakwenda mchana mzima, watangazaji wanapiga kelele huko walipo, na kwake hakuna hata neno. Siku moja nilikwenda kumrudishia ndoo, na papa wa depo, yule mzee mwenye duka la juu, alikuwa amefuata kreti zake tupu. Tukamkuta Prefe amesogeza pua kwenye kioo. Picha ilikuwa imesimama. Hapakuwa na baiskeli hata moja. Kulikuwa na barabara ya lami, kona, migomba, na watu wamesongamana pembeni.

"Prefe," papa wa depo akamuuliza, "basikilisti bako wapi?"

"Bamepita."

"Nani ilikuwa mbele?"

"Sijui."

"Na jana? Nani ilishinda?"

"Sijui."

"Mwaka muzima unarekodi, na haujue mwenye alishinda? Sasa unaangaliaka nini?"

Prefe alizima televisheni. "Barabara," alisema.

Papa wa depo aliondoka na lile neno. Jioni hiyo lilikuwa limefika sehemu yetu yote ya mji, Bagira nzima. Prefe anaangalia barabara za ng'ambo. Anaangalia madaraja yao, kona zao, vilima vyao, na ameviweka katika fleshi. Kwa nini? Kwa ajili ya nani? Wengine walisema amenunuliwa na watu wa huko, ndiyo maana antena yake inawatazama, na kwamba kile chuma hakipokei tu, kinatuma pia. Sikuamini habari ya kutuma. Lakini habari ya mtu anayerekodi mbio asizojali nani ameshinda haikuniingia kichwani hata kidogo, na nilianza kufunga dirisha langu la upande wake.

Kisha mji ukaingia mikononi mwa wengine. Sitasimulia siku zile, kila mmoja wetu anazo zake. Wenye bunduki wa zamani waliondoka, wakaja wapya walioelewana na ng'ambo, na uvumi juu ya Prefe ukageuka kama shati linavyogeuzwa. Alikuwa mtu wa ng'ambo. Sasa wakasema ni adui wa ng'ambo, kwamba miaka yote alikuwa anachora barabara zao kwa ajili ya watu wanaotaka kuzishambulia. Wale wale waliosema la kwanza walisema la pili, na sikusikia hata mmoja akicheka.

Walikuja mchana, wanaume wanne na komanda wao, kijana mwenye sauti ya chini. Walitaka shahidi wa jirani. Papa wa depo alikuwa amefunga duka ghafla, kwa hiyo niliitwa mimi. Nilikuta wamemwaga fleshi zote mezani, na Prefe amesimama katikati ya sebule yake mikono imeshuka, kama mwanafunzi aliyeitwa mbele.

"Onyesha," komanda akamwambia.

Akaonyesha. Kona. Daraja. Mlima na migomba. Watu wa pembeni. Alikuwa amekata sehemu zenye baiskeli na kubakiza watu peke yao, nyuso na nyuso, zinapita haraka, zinarudi polepole. Kama mimi jirani yake niliona ni kazi ya upelelezi, hawa waliokuja na bunduki wangeona nini?

"Muzee, ni nani alikutuma?"

"Hakuna."

"Sasa hii yote ni ya nini?"

Nilijua neno linalokuja. Nilimuona analifungulia mdomo, kwamba swali hilo halina pointi, na nikafikiri, leo atakufa kwa ajili ya kiburi chake, na mimi nikiwa hapa. Lakini lilimkwama. Akachomeka fleshi nyingine, akatafuta, akasimamisha picha. Pembeni ya barabara, nyuma ya watoto, alisimama mwanamke mwenye kitambaa cha kijani kichwani na beseni la mikate mkononi. Picha ilikuwa na ukungu.

"Ni bibi yangu, muke wangu," Prefe alisema.

Mmoja wa wale vijana akacheka. Komanda hakucheka. "Bibi yako anafanya nini kule?"

"Alinikimbia. Nilimunyamazia. Miezi na miezi nilimunyamazia, nilikuwa nangoja aombe ruhusa... aombe musamaha. Akaenda. Siku moja niko naangalia mashindano, nikamuona. Kidogo tu, kama kufumba jicho. Ile ya live hairudi. Ni vile nikaanza kurekodi, nimukamate tena."

"Muzee, ng'ambo ni hapa. Bamama banavuka kila siku na beseni kwa kichwa. Juu ya nini haukuvuka?"

"Nilikuwa naambia moyo kama atarudi mwenyewe," alisema. "Miye ni prefe."

Komanda akanigeukia. "Madame, unamujua huyu mwanamuke?"

Nilisogea karibu na kioo. Nilimjua hata kabla sijafika: mkono ule kiunoni, kichwa kile kilichoinama upande. Lakini nilichukua muda, na walidhani ninachunguza. Ukweli ni kwamba nilikuwa namfikiria Prefe. "Nimukamate," alikuwa amesema. Mtu anayemtafuta mwanamke kwa siri miaka yote, uso kwa uso, bila kumuuliza hata jirani, akimpata atamfanya nini? Nikisema siye, bunduki zitamchukua Prefe. Nikisema ndiye, Prefe atapata hakika kwamba mkewe yuko kule, na mimi ndiye nitakuwa nimemkabidhi.

"Ni yeye," nilisema. "Ni Maman Prefe. Alikuwa anauza mikate hapa. Mutaa yote inamujua."

Waliondoka na dekoda, fleshi zote, na betri ya gari. Antena waliikata kwa shoka, mti ukalalia choo. Prefe hakunishukuru. Hakuniangalia hata. Alikuwa bado anatazama kioo cheusi.

Siku chache baadaye sikusikia kikohozi. Ufagio pia haukusikika. Kufuli kubwa lilikuwa mlangoni, na mama wa jirani mwingine akaniambia alimuona Prefe juzi anashuka asubuhi amevaa suti ya kazi, viatu vinang'aa, uso umekazwa kama siku ya mtihani wa taifa. Sikungoja nisikie zaidi. Nilimwachia mwenzangu wanafunzi wangu, nikashuka mpaka mpakani, nikachukua ile karatasi ndogo ya kuvukia, nikavuka. Njia nzima nilikuwa najitukana. Nilijiona nimechelewa tayari.

Kuuliza hakukuwa kazi. Kamembe, mji wa kwanza ukivuka, watu wanaongea Kiswahili, na mwanamke kutoka kwetu anayeoka mikate ya maziwa anajulikana. Walinielekeza kwenye kona moja ya barabara kubwa. Niliona kwanza kitambaa, si cha kijani tena, kisha nikaona suti. Prefe alikuwa amesimama mbele ya beseni, mikono nyuma. Wateja walikuwa wanampita kushoto na kulia.

"Muzee," Maman Prefe alikuwa anamwambia, kwa sauti ile ile ya kumwambia mnunuzi yeyote, "unanunua ao haununue? Kama haununue, simama kando. Unazibia batu."

Alinunua. Akasogea kando, akala mkate wake amesimama, mbele ya watu, mtu ambaye miaka yote sikuwahi kumuona akila njiani.

Nilimvuta mama yule pembeni. Alinikumbatia, ananukia unga kama zamani. Nilimuita Maman Prefe, akanikataza. "Hilo jina nililiacha kwenu."

"Anakusumbua? Sema tu. Niko na bandugu hapa, banaweza kumuondoa."

"Ni siku ya tatu hii," alisema. "Siku ya kwanza alisimama kule, ng'ambo ya barabara, mpaka mvua ikamunyeshea. Jana akakuja, akasema, 'Bonjour.' Bonjour tu! Nikamuuza mukate. Leo ameuliza kama miguu inaniuma bado. Maneno mingi vile, Madame, hajawahi kuniambia kwa siku moja."

"Na unamuamini?"

Alimgeukia. Prefe alikuwa anapangusa makombo kwenye suti, polepole, na kuyafuata kwa macho yanapoanguka.

"Hapana," alisema. "Na weye?"

"Hapana."

"Aksanti. Nilikuwa nafikiri ni miye tu."

Tulikaa hivyo, wanawake wawili tunamchunguza mzee mmoja, na sioni aibu kusema kwamba tulimchunguza vizuri. Nilikuwa nangoja aonyeshe kitu, hasira, amri, ule uso wa ofisini. Hakuonyesha kitu. Alikuwa anatazama barabara, na malori yalipokuwa yanapita alirudi nyuma hatua, kisha akasogea tena.

Mikate ilipokwisha, mama alikunja kitambaa, akafunga mkoba wake kiunoni, akapiga kelele: "Prefe!"

"Niko hapa," akajibu haraka, kabla jina halijaisha vizuri.

"Kuja ubebe."

Alikuja. Akaliinua beseni tupu kwa mikono miwili, na ile suti mwilini, akasimama kungoja aonyeshwe njia. Nyumba ya mama ilikuwa hapo juu, mlango wa bati la buluu. Walipanda, mama mbele, Prefe nyuma, na mimi nikabaki chini nawaangalia. Kwenye mlango mama alitoa ufunguo, akafungua, akachukua beseni kutoka mikononi mwake na kumuonyesha kigoda cha nje. Prefe akakaa. Mama akaingia ndani, na nikasikia akigeuza ufunguo kutoka upande wa ndani. Kisha, kupitia dirishani, akamuuliza kama bado anakunywa chai bila sukari.